Mshipi Usiokatika

Mara ya kwanza ndoana iliponasa kwenye kilindi kilicho chini ya shamba la Bile, Hamze alidhani ni kisiki. Mto Tana umejaa visiki. Mafuriko yaling'oa miti huko juu, yakaileta na kuizika kwenye matope, na mtu anayevua Garissa amekwisha kuzoea kupoteza ndoana. Alivuta, nailoni ikanyumbuka kama mpira, ikakatika. Akafunga ndoana nyingine.

Mara ya pili kitu kilisogea. Hakikupiga mkia wala kukimbia kama kambare anavyokimbia. Kilikuja kidogo upande wake, kizito, kama mtu anayevutwa kutoka usingizini, halafu kikarudi mahali pake. Nailoni ikakatika tena.

Mara ya tatu ndoana ilirudi. Ilikuwa imenyooka, na kwenye ncha yake palining'inia kipande cha kitambaa kisichozidi ukucha. Hamze alikisuuza, akakitandaza juu ya kidole chake juani. Kilikuwa na mistari ya kahawia na nyeupe. Alikitazama kwa muda mrefu. Alikusanya vyombo vyake, akaenda zake bila kurusha tena.

Ndugu yake, Abdirahim, alikuwa amevaa kikoi cha mistari ya kahawia na nyeupe siku alipopotea.

Ilikuwa wakati wa mafuriko, maji yalipokata barabara na watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Mashua aliyopanda Abdirahim ilipinduka katikati ya mkondo. Wenzake wote walipatikana, wengine wazima, wengine maiti. Yeye peke yake hakuonekana. Walimtafuta mpaka maji yakapungua na mchanga ukaanza kuonekana, na mwisho wazamiaji wakarudi makwao. Kadhi alimwambia Kowsar, mke wa Abdirahim, kwamba mume asiyejulikana aliko hahesabiwi maiti kwa kudhani tu. Angoje. Kowsar akangoja. Mwaka ukapita akiishi katika nyumba ya mama mkwe wake, Sharifo, si mke wala mjane. Wanawake wa mtaa hawakujua wampe pole au wamwombee subira, kwa hiyo wakaanza kumkwepa.

Hamze hakumwambia mtu habari ya kile kitambaa. Alikiweka kwenye mfuko wa shati, na kesho yake akaenda dukani kwa Mustafe.

Duka la Mustafe liko pembeni mwa soko. Anauza kamba, nyavu, mabomba na vipuri vya pampu za mashambani, na kwenye rafu moja ya nyuma huweka vitu vya mshipi vinavyoletwa na binamu yake kutoka Eastleigh, Nairobi. Wateja wa rafu hiyo ni wachache. Wasomali wengi wa Garissa hawana habari na samaki, na hata Hamze mwenyewe alijifunza kuvua akiwa mtu mzima, alipokuwa dereva wa lori la maji kule kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Mhandisi mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia ufito wa kuvulia pamoja na rili yake ya kuzungushia mshipi. Tangu aache udereva, Hamze aliwauzia kambare wenye hoteli wanaopikia watumishi wa serikali kutoka bara. Jamaa zake walimcheka, lakini walizoea.

"Nataka uzi wa kusuka," alimwambia Mustafe baada ya salamu. "Nailoni imenichosha. Inakatika."

Mustafe aliweka vigurudumu vya uzi juu ya meza. "Ipo ya aina mbili. Hii imesukwa kwa nyuzi nane. Iguse. Laini kama hariri, inapita kwenye pete za ufito bila sauti, unarusha mbali. Na hii ni ya nyuzi nne. Ngumu kidogo, ina kelele, lakini ikisugua jiwe au mti haichaniki upesi."

"Nipe ya nyuzi nne."

"Nguvu gani? Kwa rili yako ndogo chukua ratili ishirini. Ni nyembamba, itaingia nyingi. Ishirini inamtoa kambare yeyote wa hapa."

"Kubwa zaidi."

"Thelathini?"

"Ile pale ni ya ngapi?"

Mustafe alifuata kidole chake. "Hamsini. Walaal, ndugu yangu, ile binamu yangu aliileta kwa makosa. Hapa hakuna samaki wa kuitaka." Hata hivyo aliitoa. Uzi ulikuwa wa manjano, mwembamba kuliko alivyotazamia Hamze, haukuzidi uzi wa fundi viatu. Mustafe alikata kipande, akakipitisha kwenye mpini wa dumu la maji la lita ishirini lililojaa, akazungusha ncha kwenye kipande cha ubao, akainua. Dumu likaondoka chini, likazunguka polepole likiwa hewani. Uzi ulilia sauti nyembamba ya kuudhi, lakini haukunyumbuka hata kidogo.

"Umeona?" alisema Mustafe akilishusha. "Haivutiki. Nailoni inakudanganya, inameza habari zote njiani. Hii inakuletea mkononi kila kitu kilichoko chini. Ukigusa tope utajua ni tope, ukigusa jiwe utajua ni jiwe. Ukigusa mfupa utajua ni mfupa."

Alisema hivyo kwa kunogesha biashara tu. Hamze aliinamisha uso.

"Lakini sikiliza," Mustafe akaendelea. "Kwanza uzungushe nailoni kidogo chini yake, la sivyo uzi huu utateleza juu ya chuma, utazungusha rili na haurudi. Pili, rili yako haina nguvu ya ratili hamsini. Meno yake yatavunjika kabla ya uzi. Na tatu, hata iweje, usizungushe uzi huu mkononi. Mimi ulinikata hapa kwa kufungua kifurushi tu." Alionyesha kovu kwenye kidole gumba. "Mtu hufunga kipande cha nailoni dhaifu mbele, karibu na ndoana. Ukinasa pabaya, kinakatika kile, unaokoka na vyombo vyako."

"Mimi sitaki kikatike."

Mustafe alimtazama. "Warya Hamze, unavua nini?"

"Kambare."

"Kambare wa ratili hamsini?"

Hamze alilipa, akachukua uzi wa manjano na ndoana nene ambazo Mustafe alisema zilitengenezwa kwa ajili ya papa.

Nyumbani hakuweza kuuzungusha peke yake. Uzi wa kusuka lazima uingie kwenye rili ukiwa umekazwa, na anayeukaza ni mtu wa pili. Kowsar alikuwa uani akianika nguo. Alipomwona anahangaika, alikuja akaketi mbele yake kwenye gunia, akaushika uzi kwa kitambaa chenye maji, akaubana huku Hamze akizungusha. Sharifo alikuwa ndani, redio yake ikisoma habari za Mandera.

Walijaza nusu ya rili. Kisha Kowsar akasema, bila kuinua macho, "Walaal, huu si wa samaki."

"Ni wa samaki wakubwa."

"Tangu jana hujala. Mama akikuita unaitika kama mtu aliyeko chumba kingine." Aliubana uzi, rili ikakwama. "Umeona nini kule mtoni?"

Hamze alitazama mlango wa nyumba, halafu akatoa kile kitambaa mfukoni. Kowsar hakukishika. Alikiinamia tu, uso wake ukiwa karibu na kiganja cha shemeji yake, na Hamze akaona pumzi yake ikikitikisa.

"Nilimfulia mwenyewe asubuhi ile," alisema. "Lini unakwenda?"

"Wewe huendi."

"Mimi ndiye ninayengoja, Hamze, si wewe. Nitakwenda."

Walikwenda kesho yake, jua lilipokuwa limekwisha kupanda. Shambani kwa Bile walimkuta Daud, fundi wa pampu, mtu wa kabila la Wamunyoyaya aliyezaliwa ukingoni mwa mto huo na ambaye Hamze alikuwa akimwachia samaki mara kwa mara. Alikuwa ameinama juu ya injini, mikono myeusi kwa mafuta. Hamze alipomweleza walichofuata, Daud alifuta mikono polepole kuliko ilivyohitajika.

"Pale pana mwenyewe," alisema.

"Mamba wako kila mahali."

"Yule si wa kila mahali. Alikuja na mafuriko, na maji yalipoondoka yeye akabaki. Kwa nini unadhani tumehamisha bomba letu juu? Wanawake hawateki tena pale. Mbwa wa Bile alikwenda kunywa maji, hatukusikia hata akilia." Alimtazama Kowsar, akasita, kisha akaendelea kwa sauti ya chini. "Dada, nisamehe. Mamba hana meno ya kutafuna. Akipata kitu kikubwa hukisokomeza chini ya mizizi, kwenye shimo la ukingo, kikae kilainike. Pengine yule bwana alikufa maji kwanza, hakujua lolote. Hilo Mungu ndiye anajua. Lakini kama yuko pale, hakujiweka mwenyewe."

Kowsar alikuwa amesimama wima, mtandio wake wa garbasaar umebanwa kidevuni. "Tunaweza kuvuta au hatuwezi?"

Daud alitazama jua. "Saa hizi huwa anaota jua kwenye fungu la mchanga ng'ambo. Tukimwona pale, tunavuta upesi. Tusipomwona, hata mkilia, tunarudi nyumbani." Alichukua panga lake kutoka kwenye kibanda cha pampu, akawatangulia kupita katikati ya migomba.

Mto ulikuwa mwekundu na mzito. Ng'ambo, korongo wawili walisimama juu ya fungu la mchanga, na kati yao na maji alilala mamba, mdomo wazi, mrefu kama mtumbwi. Hakutikisika. Kutoka mahali waliposimama ungeweza kudhani ni gogo, isipokuwa hao korongo hawakumsogelea. Upande wao wa mto hapakuwa na ndege hata mmoja. Vichaka vya mathenge, miti ya miiba, vilining'inia juu ya kilindi, na maji chini yake yalizunguka taratibu, yakibeba povu na majani, yakirudi palepale.

"Rusha," alinong'ona Daud. "Mimi namwangalia."

Hamze alirusha. Chubwi la risasi lilizama, na Mustafe alikuwa amesema kweli. Alihisi tope, laini kama ugali. Akavuta kidogo, akahisi changarawe, ikigonga, ikigonga. Kisha akagusa mti. Kisha akagusa kitu ambacho hakikuwa mti wala jiwe, na ndoana ikazama ndani yake.

"Nimekipata."

Aliinua ufito, ukapinda mpaka ncha ikagusa maji. Uzi ulilia kama ulivyolia dukani. Alizungusha rili, kitu kikasogea, akazungusha tena, kikasogea, na wakati huo ndani ya rili pakasikika mlio wa kitu kikivunjika. Mkono wa rili ukazunguka bure. Uzi ukaanza kurudi mtoni.

Hamze alitupa ufito chini. Alivua kitambaa cha kichwani, akakikunja kwenye kiganja, akauzungusha uzi juu yake, mara moja, mara mbili, akaegemea nyuma kwa uzito wa mwili wote. Alikumbuka alichokatazwa na Mustafe, na hata hivyo alifanya. Kitu kilikuja. Aliusikia ule mti wa chini ukikiachia, kama mlango uliokwama ukifunguka, halafu kikawa chepesi, na maji yakafunguka umbali wa mikono michache tu kutoka ukingoni.

Lilikuwa tawi, jeusi kwa tope, na juu yake kimejiviringisha kitambaa cha mistari. Chini ya kitambaa kilining'inia kiatu.

Garissa nzima haikuwa na kiatu kingine kama kile. Mguu wa kushoto wa Abdirahim ulikuwa mfupi tangu alipougua utotoni, na fundi wa sokoni alimshonea kiatu chenye soli nene ya tairi, unene wa matofali, ili atembee sawa. Kamba zake zilikuwa bado zimefungwa.

"Ya Rabbi," alisema Kowsar.

Daud alikuwa ameyashusha macho kutazama, kama walivyofanya wote. Ni kitambo kidogo tu. Alipoyainua tena, korongo walikuwa wanaruka, na fungu la mchanga lilikuwa tupu.

"Hayupo!" alipiga kelele. "Toka! Toka majini!"

Maana Kowsar alikuwa amekwisha kuingia. Hakuna aliyemwona akianza. Alikuwa ndani mpaka magotini, nguo zikielea pembeni yake, amenyoosha mkono. Nyuma ya lile tawi maji yaliinuka, bila kishindo, bila povu, uvimbe laini uliokuja ukikaribia kama mtu anayesogea chini ya shuka. Kowsar aliushika ule mguu wa kiatu kwa mikono miwili, akauvuta, ukang'oka kwenye kitambaa. Daud alimrukia kwa nyuma, akamdaka kwa garbasaar na nywele pamoja, wakaanguka wote wawili kwenye matope ya ukingo.

Lile tawi likapotea. Halikuzama, lilichukuliwa. Na uzi wa ratili hamsini, uliofungwa upande mmoja kwenye tawi na upande wa pili kwenye mkono wa Hamze, ukanyooka.

Alikwenda kifudifudi. Alisikia kitambaa cha kichwani kikikatwa kama karatasi, halafu hakusikia maumivu, alisikia baridi tu kwenye vidole. Alijaribu kuufungua uzi kwa mkono wa pili na hakuupata, kwa kuwa ulikuwa umeingia ndani ya nyama. Magoti yake yalichimba mifereji miwili kwenye tope. Maji yalimfika mabegani, yakamfika kidevuni, na akauona ule uzi wa manjano mbele yake ukishuka moja kwa moja katika wekundu. Alianza kutamka shahada.

Panga la Daud lilipita karibu na sikio lake. Pigo la kwanza liligonga maji. La pili likaupata uzi, ukalia, ukaachia, na Hamze akarudi nyuma kana kwamba mtu amemsukuma.

Walipanda ukingo kwa mikono na magoti, hawakusimama mpaka walipofika kwenye migomba. Kule chini kilindi kiliendelea kuzunguka taratibu kana kwamba hakikufikiwa na mtu.

Kowsar hakuwa amekiachia kiatu. Alikaa chini, akakiweka mapajani, akajaribu kufungua kamba, kisha akatambua uzito wake na mikono yake ikasimama. Alivua garbasaar iliyolowa, akakifunga pamoja na kilichokuwamo ndani yake, bila kutazama.

"Nionyeshe mkono," alimwambia Hamze. Ndipo Hamze alipotazama. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeshikwa na ngozi tu.

Hospitalini walikitoa hicho, na cha jirani yake walikishona ingawa hakikukunjika tena. Jioni ya siku hiyo Sheikh Siyad wa msikiti wa jirani alikuja nyumbani. Alisikiliza, akatazama kiatu, akauliza maswali machache kwa upole. Akasema kilichopatikana cha mwili wa marehemu kitaoshwa, kitavikwa sanda na kuswaliwa kama maiti kamili.

"Na eda yangu?" aliuliza Kowsar kutoka nyuma ya pazia. "Naanza leo?"

Sheikh aligeukia pazia. "Eda, binti yangu, huhesabiwa tangu mume alipokufa, si tangu mke alipojua. Mwaka umepita. Eda yako ilikwisha zamani, nawe hukuwa na habari."

Nyuma ya pazia Kowsar akaanza kulia, kilio ambacho Hamze hakuwahi kumsikia akikilia hata siku mashua ilipopinduka. Alililia zile siku za kukaa na huzuni yake ambazo zilikuwa haki yake, na ambazo zilipita huku akipika, akifua, akichungulia mlango.

Sharifo hakulia. Alikishika kiatu cha mwanawe, akapitisha kidole kwenye mshono wa soli, akakubali kwamba ni chenyewe. "Kiatu ni chake," alisema. "Yeye sijamwona." Hakwenda kuangalia sanda. Tangu siku hiyo alisema na Hamze kwa mambo ya lazima tu, maji, chakula, funguo, kana kwamba Hamze ni mtu aliyeingia nyumbani kwake na kuiba.

Kowsar alikaa mpaka dua ya mwisho ilipokwisha, kisha kaka zake wakaja kutoka Lafey kumchukua. Hamze alimsindikiza hadi kwenye basi, akibeba mzigo kwa mkono mzima.

"Ungejua," Kowsar alimuuliza kabla ya kupanda, "ungechagua ule uzi mwembamba wa dukani?"

Hamze alimpa mzigo. "Sijui, abaayo, dada yangu."

"Mimi nisingetaka uchague ule mwembamba," alisema. Akapanda, akakaa upande wa dirisha, na basi likaondoka.

Mvua zilikuwa zimeanza huko juu milimani. Garissa haikuona tone, mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto kama kawaida, lakini redio zilikuwa zinatangaza kwamba mabwawa yamejaa na wanaoishi kando ya mto wahame. Alasiri Hamze alikwenda shambani kwa Bile kumsaidia Daud kuipandisha pampu mahali pa juu. Waliifunga kamba, wakaivuta, Hamze akivuta kwa begani kwa sababu ya mkono. Mara kwa mara Daud alisimama, akateremka hadi ukingoni, akachoma kijiti kwenye tope pale maji yalipofikia, akarudi. Safari ya mwisho aliyoteremka, alirudi upesi.

"Vijiti vyote sivioni," alisema. "Tuiache pampu. Maji yakipanda, na yule hupanda nayo. Twende."

Walipogeuka kutazama, maji yalikuwa yamekwisha kuingia katikati ya migomba, kimya kabisa, yakija.